Siku Niliyoandika Magadi

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia yenyewe bila kuitwa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, karani katika ofisi ya wakala wa forodha hapo Malaba, na nilijiona nimefika. Uniwie radhi nikianza kwa kujisifu kidogo. Kwetu Nambale mimi ndiye msichana wa kwanza katika boma letu kumaliza kidato cha nne, na baba yangu alikuwa akipita sokoni akiwaambia watu kwamba Nabwire wake anafanya kazi ya kalamu mpakani. Nilinunua viatu vya visigino ili nifanane na hayo maneno yake.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Malori yalifika kutoka Mombasa, na mizigo mingine ilishushwa katika ghala la bosi wetu ili ipakiwe kwenye malori madogo yanayovuka kwenda Tororo na Mbale. Mimi niliandika karatasi ya kushushia mzigo kwa Kiswahili, kisha nikasimama mlangoni pa ghala na kuisoma kwa sauti: mchele, misumari, nguo za mitumba. Wachukuzi wakisikia, kila mmoja alikunja gunia lake kuukuu, akaliweka begani, wakaanza. Wengi wao hawakujua kusoma. Walichojua kuhusu mzigo ni kile nilichowaambia mimi.

Nyapara wao alikuwa mzee Ekisa, mtu wa kabila la Wateso, mrefu, mwenye mgongo ulionyooka licha ya miaka yote ile ya kubeba. Katika ujana wake alikuwa amefanya kazi kiwandani huko Jinja, akarudi nyumbani mambo ya kule yalipoharibika. Alikuwa mtu wa maneno machache. Nikimaliza kusoma karatasi alikuwa akisema tu, "Eyalama, karani," yaani ahsante, na watu wake wanaanza kazi. Hakuwahi kuniuliza mara mbili. Nilidhani ni kwa sababu hajasoma. Baadaye nilielewa kwamba ni kwa sababu aliniamini.

Basi siku hiyo lililetwa lori la magunia meupe, mazito kwa udogo wake. Karatasi zilizotoka nalo bandarini zilikuwa za Kiingereza, na mimi nilizisoma zote. Ilikuwa ile soda kali ya viwandani, watu wa sabuni huiita kostiki. Pembeni mwa karatasi palikuwa na mchoro wa mkono unaodondokewa na matone, na pale yanapoangukia, nyama ya mkono imelika. Mchoro huo ulikuwa pia kwenye magunia, mdogo, umefifia. Niliuona, mwanangu. Sitaki uniwazie kwamba sikuuona.

Nilimpelekea bosi zile karatasi. Sitamtaja jina; amekwisha kufa, na watoto wake hawana kosa. Akaniambia kwamba tukiandika ilivyo, mzigo utahitaji vibali kutoka ofisi nyingine na utakaa hapo juma zima, na mwenye mzigo huko Mbale anausubiri.

"Andika magadi," akasema. "Si ni ya kutengenezea sabuni? Magadi ni magadi."

Sasa wewe uliyezaliwa huku kwetu unajua magadi ni nini. Ni kitu cha jikoni. Mama zetu huyatia kwenye mrenda na kunde ili ziive vizuri. Hakuna mtu mpakani kote anayeogopa magadi. Nami nilijua hivyo, na nikaandika. Nilijiambia kwamba mimi ni karani tu, kwamba mwenye ofisi ndiye mwenye jukumu. Nikasimama mlangoni na viatu vyangu, nikasoma: magunia ya magadi. Mzee Ekisa akasema eyalama, wakaanza.

Asubuhi ilikuwa ya jua kali na vumbi. Wanaume walivua mashati kama kawaida yao. Magunia kadhaa yalikuwa yamechanika njiani, na kilichomwagika kilikuwa vipande vidogo vyeupe, vinang'aa. Ilikuwa desturi kwamba kinachomwagika sakafuni ni cha mchukuzi. Sukari ikimwagika waligawana, mchele vivyo hivyo. Mmoja wao, Wandera, Msamia aliyekuwa amepanga nyumba Amagoro, alikusanya konzi moja, akaifunga kwa gazeti. Zamu yake ilikuwa ya alfajiri, kwa hiyo ilipofika saa nne akaaga, akaondoka.

Nusu saa baadaye gunia lilipasuka begani kwa Ouma.

Ouma alikuwa mwenzangu wa umri, mcheshi, mtu wa Port Victoria aliyetoroka uvuvi kwa sababu alikuwa akiogopa maji na hakuona haya kulisema. Kile kitu kilimmwagikia shingoni na mgongoni, naye ameloa jasho. Mwanzoni hakuumia. Alicheka, akasema mwili unateleza kama aliyepakwa sabuni. Akajipangusa kwa kiganja, na kwa kiganja hichohicho akafuta jasho usoni.

Sitakusimulia kilio chake. Nilikuwa ofisini, nikatoka mbio, nikamkuta amepiga magoti huku ameshika jicho, na ngozi ya begani inabadilika rangi mbele yetu. Mtu mmoja alikuwa amekuja na mafuta ya kupikia kutoka kibandani ili ampake. Mzee Ekisa akamshika mkono.

"Usimpake kitu. Maji."

Kulikuwa na muuza maji karibu na mkokoteni wake wa mitungi. Mzee hakumwomba ruhusa. Aliufungua mtungi wa kwanza, akamlaza Ouma ubavu, akammwagia jichoni na begani, polepole, bila kukatiza, na mtungi ulipoisha akanyoosha mkono apewe mwingine. Huko Jinja aliwahi kuona mtu akiungua hivyo. Alijua kwamba mtungi mmoja hautoshi, wala mitano. Huku anamwaga, akaniangalia. Hakuuliza kitu. Nadhani alilisoma jibu usoni pangu, yeye ambaye tulisema hajui kusoma.

Ndipo mchukuzi mmoja nyuma yangu akasema, kwa sauti ya chini, kwamba Wandera amebeba konzi nyumbani ya kutilia mboga.

Mwanangu, nimezaa, nimezika wazazi, nimeugua mpaka watu wakaitwa. Sijawahi kuhisi baridi kama ile niliyoihisi mchana huo juani. Mzee Ekisa hakuweza kumwacha Ouma. Aliniambia bila kugeuza kichwa, "Wewe ndiye uliyeandika. Nenda wewe." Akanionyesha kwa kidevu mwendesha baiskeli mmoja aliyekuwa jirani yake Wandera.

Siku hizo hakukuwa na simu za mkononi, wala bodaboda za pikipiki. Tulibebwa nyuma ya baiskeli, juu ya kikalio cha sponji. Yule bwana alikanyaga pedali kwa nguvu zake zote. Tulipofika kwenye mlima alichoka, nikaruka chini, nikavua viatu, nikaupanda kwa mbio huku nimevishika mkononi, naye akinifuata akisukuma baiskeli. Watu walinitazama wakidhani nimefiwa. Kichwani nilikuwa nikihesabu jambo moja tu: saa ngapi watu huinjika mboga.

Nyumba ya Wandera ilikuwa ya pili kutoka barabarani. Kabla sijaingia uani nikasikia sauti yake akimwambia mkewe, "Ni magadi. Karani mwenyewe ametusomea." Neno hilo nimeishi nalo.

Mkewe aliitwa Amoding. Nilimkuta amesimama mbele ya mafiga, mwiko mkononi, na watoto wao wawili amewasimamisha mbali, ukutani. Sufuria ilikuwa chini, ameshaiepua. Ndani yake maji yalikuwa yakichemka na kutoa povu ingawa hayakuwa tena motoni, na bati la sufuria limekuwa jeusi, linafoka kama kitu chenye uhai. Mrenda ulikuwa bado kwenye ungo. Wandera alikuwa akimhimiza autie, njaa inamuuma, na yeye alikuwa amekataa. Alimwambia kwamba amepika na magadi tangu akiwa mtoto na hajawahi kuona yakipigana na sufuria, na kwamba watoto wake hawatakula kitu ambacho yeye mwenyewe hakielewi.

Ninajivunia kwamba niliwahi kumjua mwanamke huyo. Sisi wenye karatasi tulikuwa tumenyamaza, na aliyeokoa nyumba ile ni mama aliyeamini macho yake kuliko neno la karani.

Nikasema, "Si magadi. Ni sumu. Mimi ndiye niliyeandika vibaya."

Amoding alinitazama kutoka miguu mitupu mpaka kichwani. "Umeandika vibaya," akauliza, "au umeandika uongo?"

Ningeweza kumtaja bosi. Ningeweza kusema mambo mengi. Lakini watoto walikuwa wamesimama pale ukutani. Nikajibu, "Uongo."

Hakunitukana. Alinipa jembe tu. Tulichimba shimo mbali na kisima, mimi na Wandera, tukaimwaga ile sufuria humo kwa uangalifu, kisha tukanawa kwa maji mengi mpaka mikono ikaacha kuteleza. Konzi iliyobaki nikairudisha Malaba ndani ya mkebe.

Ouma alikuwa ameshapelekwa hospitali na dereva mmoja wa lori. Daktari alisema kwamba kama si yale maji, angepoteza macho yote mawili. Alipoteza moja. Begani palibaki kovu pana lililokunjamana, na alikuwa na miaka ishirini na miwili kama mimi.

Jioni hiyo mzee Ekisa alinikuta kwenye benchi la nje ya wodi. Alikaa kando yangu, nguo zake bado mbichi kwa maji. Nikaanza kumwomba msamaha, akanikatiza.

"Usinipe pole mimi, binti. Sisi hatukusoma. Wewe ukisema hiki ni mchele, tunabeba mchele. Leo umetubebesha kitu kingine na hukutuambia. Kesho asubuhi uje na ile karatasi ya bandarini, uwasomee watu wote ilivyoandikwa. Hata kama utafukuzwa."

Hayo tu. Hakupandisha sauti. Nimesikia mahubiri mengi tangu wakati huo, Katoliki na Anglikana, na hakuna yaliyonigeuza kama maneno hayo ya mzee aliyekuwa ananuka jasho na soda.

Usiku nilijiuliza mara nyingi kama nina moyo huo. Baba angeambiwa nini sokoni? Lakini asubuhi nilikwenda. Magunia mengine yalikuwa bado kwenye lori, na bosi alikuwa mlangoni akihimiza kazi. Nikasimama mahali pangu pa kila siku, nikaisoma ile karatasi yote, nikiifasiri neno kwa neno: kwamba inaunguza ngozi, inapofusha, isishikwe kwa mikono mitupu, ikikumwagikia uoshe kwa maji mengi kwa muda mrefu. Nikawaonyesha mchoro wa ule mkono.

Bosi aliniambia nikakusanye vitu vyangu.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana hapa ndipo ninapoinua kichwa hata leo. Wandera alilitoa begani lile gunia lake kuukuu la kubebea, akaliweka chini, akalikalia. Akafuata mwingine. Wakakaa wote thelathini kando ya ukuta, na mzee Ekisa katikati yao. Bosi aliwaahidi, akawatisha, akatuma watu wakatafute vibarua wengine barabarani. Walipofika, Wandera aliwaeleza kilichompata Ouma, nao wakakaa pia. Siku mbili lori lile halikuguswa.

Siku ya tatu mwenye mzigo alivuka mwenyewe kutoka Mbale kuja kuona kulikoni. Mzee Ekisa alimwambia walichotaka: glavu na viatu vya mpira kwa kila mtu, pipa la maji safi mlangoni ambalo halikauki, na karani aliyefukuzwa arudishwe, kwa sababu wanataka kusomewa mzigo kabla ya kuubeba. Yule bwana alisikiliza, kisha akauliza kama ni kweli kwamba kitu hicho kinapofusha. Kumbe huko kiwandani kwake wafanyakazi walikuwa wakiyafungua magunia hayo kwa mikono mitupu. Hakuna aliyewahi kumwambia, naye hakuwahi kuuliza. Aliondoka akiwa ameinamisha kichwa, na jioni glavu zilifika, za wachukuzi wetu na za watu wake.

Bosi hakutaka kumpoteza mteja, kwa hiyo nilirudi kazini. Bosi hakunisalimia kwa miezi kadhaa, nami nikavumilia. Tangu siku hiyo hakuna gunia lililobebwa katika ghala lile kabla ya kusomwa kwa ukweli. Maghala ya jirani yakaiga. Ouma alipopona alipewa kazi ya mlangoni, na kila kibarua mpya alipofika alivua shati, akamwonyesha bega, akamwambia aguse. Hakuna somo lililoshinda hilo. Mzee Ekisa alipofariki, wachukuzi wa pande zote mbili za mpaka walikuja Malaba kumzika, Wakenya kwa Waganda, na jeneza lake halikuwahi kutoka begani mwa watu tangu nyumbani hadi kaburini.

Nilisoma mizigo kwa miaka thelathini na minne. Nimestaafu sasa, naishi Mundika, nafuga kuku. Majuzi tu nilikuwa Busia mjini kununua chakula chao, nikapita kando ya ghala moja la dawa za shambani. Lori limesimama, na vijana wamesimama pia, hakuna anayegusa kitu. Msichana mmoja aliyevaa viatu vya mpira alikuwa juu ya kreti, simu mkononi, akiwasomea maandishi ya pipa moja moja, akieleza kwa Kiswahili chake na Sheng yake. Pipa moja lilikuwa linavuja, akaliambia kundi lisogee upande upepo unakotoka. Mwenye lori alikuwa akilalamika kwamba wanampotezea wakati. Kijana mmoja akamjibu kwa upole, "Boss, hapa kwetu mzigo husomwa kwanza." Alilisema kama jambo lililokuwepo tangu zamani za kale. Hakujua lilianzia wapi, na mimi sikumwambia. Nilinunua chakula changu cha kuku, nikaenda nyumbani nikitembea kama malkia.

Basi nikuachie haya, mwanangu, wewe unayeingia kazini, iwe ni ghalani, saluni, kwenye mashamba ya miwa au karakana ya betri. Kabla hujaweka mkono juu ya kitu, uliza ni nini, na uliza tena kama jibu halikuridhishi. Anayekasirika kwa kuulizwa ana sababu yake, na sababu hiyo haiko upande wako. Kama umepewa glavu, zivae hata siku ya joto, hata wenzako wakikucheka. Ouma naye alikuwa akicheka. Jua maji yalipo kabla ya kuyahitaji, na kikikumwagikia kitu chochote kikali, osha, endelea kuosha, usiruhusu mtu akupake mafuta wala maziwa. Kazini usichukue kitu cha kupeleka jikoni. Hata mtungi uliokuwa na dawa, hata ungeuosha mara saba, usiwawekee watoto humo maji ya kunywa. Vua nguo za kazi kabla hujambeba mtoto wako. Na ukiambiwa uingie ndani ya tangi au stoo iliyopigwa dawa, usiingie peke yako, wala usiingie kabla ya mwenye kujua kukuhakikishia kwamba ni salama.

Ukiwa wewe ndiye mwenye kalamu, haya ni yako zaidi. Andika ilivyo. Yule atakayekuamuru uandike vingine hatakuwa chini ya gunia likipasuka. Unaweza kupoteza kazi, sikufichi. Mimi nilikuwa tayari nimeipoteza. Lakini kazi hupatikana nyingine. Na mkiwa wengi mnaokataa pamoja, mtaona jinsi glavu zinavyofika upesi. Ukikosea, kama mimi nilivyokosea, usijifiche nyuma ya mkubwa wako. Vua viatu ukimbie, ufike kabla chakula hakijaiva, useme ukweli mbele ya watoto.

Mungu akuzidishie siku. Akulindie macho uwaone wajukuu wako, na mikono uwapakate. Akupe wenzako wa kazi wasiokuacha ukae chini peke yako. Na kila jioni akurudishe nyumbani ukiwa mzima, kama ulivyotoka asubuhi.